Tulichuma kahawa, lakini hatukujua kuikaanga

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ni ya kweli mahali pengi, lakini kule nilikozaliwa, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ilikuwa nusu ya ukweli. Sisi tulichumia juani. Waliokula kivulini walikuwa wengine.

Nilifungiwa kikapu kiunoni nikiwa na umri wa miaka sita. Nilijua kutofautisha tunda bivu na tunda bichi la kahawa kabla sijajua kutofautisha herufi b na d. Karo yangu ya shule ya upili ililipwa na kahawa, na kila nilipofukuzwa darasani kwa kukosa karo, sababu ilikuwa kwamba malipo ya kahawa yalikuwa yamechelewa. Hata hivyo, nilitimiza miaka arobaini, nikiwa na shahada ya uzamifu katika isimu, bila ya kuiona hata mara moja punje ya kahawa ikigeuka rangi motoni. Nyumbani kwetu tulikunywa chai.

Leo nataka kumsimulia msomaji jinsi nilivyojifunza kuikaanga kahawa nyumbani kwangu kwa vifaa vya kuungaunga. Huenda mtu akauliza, je, mapishi yanahusu nini ukurasa huu unaosomwa na walimu na wanafunzi? Namsihi asubiri. Jambo hili lilianza na neno, na mimi riziki yangu ni maneno.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Mombasa, katika Mji wa Kale, nikikusanya msamiati wa jikoni kwa ajili ya utafiti. Asubuhi moja nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, akigeuza buni katika kikaango cha chuma kilichopindika kwa uzee.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usinisemeshe sana. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, bibi?"

"Buni. Nangoja ialike."

Hapo mimi, mwalimu wa isimu, nikauliza swali la mtu asiyejua chochote: "Imwalike nani?"

Bibi alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Kabla hajamaliza kucheka, sauti ndogo, kavu, ikatoka kikaangoni: ta! Kisha nyingine, na nyingine, mpaka kikaango kizima kikawa kinalia kama kuni mbichi za mkaratusi. "Umesikia?" akasema. "Huko ndiko kualika. Huko chuoni kwenu hamfunzwi?"

Neno hilo nililijua. Nililisoma katika kamusi, ambamo kualika kuna maana ya kumwita mtu katika shughuli na pia maana ya kutoa mlio kama wa kitu kikavu kinachopasuka. Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mtu akivivuta vidole vyake vikalia, huwa anavialisha. Lakini maana hiyo ya pili ilikuwa kwangu kama sarafu ya zamani iliyomo katika sanduku la vioo: unaijua, huitumii. Kwa bibi yule ilikuwa sarafu ya kununulia. Bila neno hilo, asingeweza kumwambia mjukuu wake ni lini hasa aitoe buni motoni.

Nilimwomba anifundishe. Alinipa agizo moja tu: "Mkono usilale." Kisha akaendelea na kazi yake, akaimwaga buni iliyoiva kwenye ungo, akaipepeta mlangoni penye upepo, akaacha ipoe kabla ya kuitia kinuni. Nilirudi Nairobi nikiwa na ukurasa mmoja wa maneno na tamaa ya kujaribu.

Niseme kidogo kuhusu maneno hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyonifungua macho. Katika Kiswahili, punje mbichi ni buni, na mti wake ni mbuni, jina ambalo mti huo unashirikiana na yule ndege mkubwa asiyeruka. Neno buni limetokana na Kiarabu, na Waethiopia, ambao nchi yao ndiyo chimbuko la mmea huu, huiita kahawa buna. Kahawa nayo imetokana na jina la Kiarabu la kinywaji. Basi lugha yetu iliweka mpaka kati ya punje mbichi na kinywaji, na mpaka huo ni moto. Hata rangi tunayoiita kahawia haikutokana na buni, ambayo ni ya kijani iliyopauka. Ilitokana na kile kinachopatikana baada ya kukaangwa. Aliyeipa rangi hiyo jina aliwahi kusimama jikoni.

Sasa tazama yaliyotokea bara. Katika biashara ya kahawa ya Kenya, neno mbuni halimaanishi mti. Ni jina la kahawa duni, ile iliyokaushwa pamoja na ganda la tunda lake bila ya kupitishwa kiwandani na kuoshwa. Huko nyumbani tulilitamka neno hilo kila msimu, na kwetu lilikuwa neno la hasara. Hatukuwa na neno la kukaanga, wala la mlio, wala la moshi. Msamiati wetu uliishia kwenye mizani ya kiwanda.

Nilianza kwa kikaango chembamba juu ya jiko la gesi. Moto niliuwasha mkali, nikidhani kwamba kukaanga ni kukaanga. Baada ya dakika sita punje zilikuwa nyeusi upande mmoja na za manjano upande wa pili, na jirani alikuwa mlangoni akiuliza kama kuna kilichoshika moto. Nilizisaga hivyo hivyo. Kinywaji kilikuwa na ladha ya majivu na majani mabichi kwa pamoja. Buni haipitishi joto upesi. Ngozi yake huungua huku kiini kikiwa bado kibichi.

Mara ya pili nikaenda upande wa pili wa kosa. Niliupunguza moto, nikageuza kwa dakika arobaini, nikingoja mlio ambao haukuja. Punje zilikuwa za rangi nzuri, lakini ladha yake ilikuwa kama ya karatasi. Nikafahamu kwamba joto la chini kupita kiasi huikausha buni badala ya kuiivisha. Mara ya tatu nilitumia sufuria nzito yenye kifuniko, nikiitikisa kama mtu anayetengeneza bisi. Matokeo yalikuwa afadhali, ila mikono ilichoka, na chini ya sufuria hapakukosekana punje zilizoungua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka homonimu nyingine. Tuna buni, punje ya kahawa, na tuna kubuni, kutunga kitu kisichokuwapo. Hayana undugu wa asili, lakini siku hiyo yalikutana jikoni kwangu. Nilichukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, nikautoboa matundu madogo kwa msumari, matundu yasiyoweza kupitisha punje. Nikapenyeza waya mnene kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikaupinda upande mmoja uwe mkono wa kuzungushia. Nikaweka matofali mawili kandokando ya jiko la makaa, waya ukalala juu yake, na mkebe ukaning'inia juu ya moto kama mbuzi wa kuchomwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyangu havikuelea siku ya kwanza. Nilikuwa nimemwomba fundi mmoja wa Kamukunji anishikizie waya na kifuniko kwa lehemu. Sikumweleza kazi ya chombo chenyewe. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 hivi za Selsiasi, nayo buni hualika inapokaribia nyuzijoto 200. Msomaji ameshaona mwisho wa hadithi. Kifuniko kilianguka dakika chache kabla ya mlio wa kwanza, na robo kilo ya buni ikamwagika kwenye makaa. Zile zilizobaki mkebeni nilizitupa pia, kwa sababu risasi ni sumu. Nilipomrudia fundi, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "ungeniambia kinakwenda motoni." Akakunja mishono upya na kuibana kwa misumari mifupi, bila lehemu. Akanionya pia nisije nikatumia mabati ya paa, kwani yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaodhuru. Fundi yule hana shahada, lakini siku ile mwanafunzi nilikuwa mimi.

Mkebe huo ndio ninaoutumia hadi leo. Huujaza chini ya nusu, yaani gramu 250 za buni, kwa sababu punje huvimba. Huyaacha makaa yashike sawasawa, yasiwe na ndimi za moto, kisha huzungusha polepole bila kusita. Mkono haulali. Katika dakika za kwanza harufu ni ya nyasi zilizolowa, maana buni huwa ingali na maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12. Maji yanapopungua, punje huwa za manjano na harufu hugeuka kuwa ya mkate. Kisha huja rangi ya kahawia, na kumvi, ile ngozi nyembamba kama karatasi, hutoka kupitia matunduni na kupeperuka. Kumvi hizo hushika moto kwa urahisi. Sharti mtu awe nje au madirisha yawe wazi, na asiondoke hata kidogo.

Baadaye, aghalabu kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tano, buni hualika. Mvuke na gesi zilizofungiwa ndani hupasua kuta za punje. Mwaliko huu wa kwanza ni wa sauti nzito na ya mbalimbali. Ukiendelea, patakuwa na kimya, halafu mwaliko wa pili, karibu na nyuzijoto 225, mwembamba na wa haraka, kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Wakati huo mafuta huanza kuonekana juu ya punje, na kutoka hapo hadi makaa si mbali. Kahawa ya pwani, inayonywewa chungu pamoja na halua au tende, huvumilia kukaangwa sana. Kahawa ya milimani kwetu hupoteza sifa yake ikifika huko. Mimi huitoa dakika moja au mbili baada ya mwaliko wa kwanza, nikaimwaga kwenye ungo na kuipepeta upesi, kwa kuwa punje iliyotoka motoni huendelea kujiivisha yenyewe.

Nikizipima, zile gramu 250 huwa zimebaki kama 210, ilhali ujazo umeongezeka. Huziacha usiku mmoja katika chombo kisichofungwa kwa nguvu ili gesi ya kaboni dioksidi itoke. Kesho yake huzitwanga. Wanakemia wataeleza kwamba sukari na asidi amino zimemenyuka kwa joto, mmenyuko unaoitwa kwa jina la Mfaransa Maillard, aliyeueleza mwaka wa 1912. Mmenyuko huo huo ndio unaoipa nyama choma harufu yake. Hakuna Mkenya anayehitaji kufundishwa harufu hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kutwambia kwamba kahawa yetu nayo inayo.

Kwa nini ilikosekana? Si kwa ujinga wa wazee wetu. Wamishonari Wafaransa waliipanda kahawa Bura, katika milima ya Taita, mwaka wa 1893. Walowezi walipoigeuza kuwa zao la biashara, Mwafrika aliruhusiwa kuipalilia katika shamba la mzungu, si kuipanda katika lake; kizuizi hicho kilianza kulegezwa katika miaka ya 1930, na mlango ukafunguliwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Hata hapo mkulima aliingizwa katika mlolongo uliokwisha kupangwa: achume, apeleke kiwandani, angoje. Kahawa ilikobolewa, ikapangwa kwa madaraja, ikauzwa mnadani ikiwa mbichi, ikapakiwa melini. Kukaanga kulifanyika ng'ambo. Mkulima alizijua herufi za daraja la kahawa yake, AA na AB, lakini hakuijua ladha yake.

Mtu asiyeijua ladha ya mali yake atalia bei, hatabishana kuhusu ubora. Mfumo wa mgao katika soko la dunia ulipoporomoka mwaka wa 1989, bei zilianguka, na katika miaka iliyofuata nilishuhudia majirani waking'oa miti waliyoipanda kwa jasho. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Katika miaka ya karibuni mavuno yamekuwa yakielea karibu na tani 50,000. Sidai kwamba mikebe ya maziwa ingeliokoa zao hilo. Madeni, siasa za vyama vya ushirika na ukuaji wa miji vina sehemu yao. Ninachodai ni kwamba tulipong'oa, hatukujua tunang'oa nini.

Mwaka jana niliuchukua mkebe wangu nikaupeleka kwa mama. Amechuma kahawa tangu ujana wake na sasa amepita miaka sabini. Alikuwa ameanika juu ya gunia matunda ya mwisho wa msimu, ile mbuni ya hasara. Tuliyakoboa kinuni, tukapepeta, tukawasha makaa uani. Alishika mkono wa mkebe mwenyewe, akakataa kupokewa. Buni ilipoanza kualika, aliinamisha kichwa.

"Yalia kama maganda ya mbaazi juani," akasema.

Mlinganisho huo sikuupata Mombasa wala katika kamusi yoyote. Nikauandika.

Kesho yake tulitwanga, tukachemsha katika sufuria, tukaacha masimbi yatuame. Mama hakutaka maziwa. Alikunywa funda moja, akanyamaza, akanywa la pili. "Mwanangu," akasema, "hii ni lile tunda. Ule utamu wa ganda tuliokuwa tukiufyonza tukichuma, na ule uchachu. Kumbe haukupotea." Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: "Kikombe kama hiki huko mjini ni pesa ngapi?"

Nilimwambia kwamba katika mikahawa mingi ya Nairobi ni zaidi ya shilingi 200. Akanitaka nipige hesabu, nami nikapiga mbele yake. Kikombe kimoja huhitaji gramu 10 hivi za kahawa iliyokaangwa, zilizotokana na gramu 12 za buni. Kilo moja ya buni safi hutoka katika kilo sita au saba za matunda. Basi kikombe kimoja ni kama gramu 80 za matunda, konzi moja tu. Tukichukulia kwamba mkulima amelipwa shilingi 100 kwa kilo, konzi hiyo ni shilingi nane.

Ni haki tuseme kwamba pengo hilo si wizi mtupu. Ndani yake mna ukobozi, usafirishaji, kodi ya jengo, maziwa, na mshahara wa kijana anayepakua. Mama mwenyewe alilisema hilo kabla yangu. Lakini akaongeza: "Na huku kuzungusha mkebe, kumbe nako ni kazi ya kulipwa. Miaka hii yote sikujua kwamba kazi hiyo ipo."

Msomaji mpenzi, maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Anayenyimwa bei anaweza kulalamika, kwa sababu anajua amenyimwa. Anayenyimwa ujuzi hana hata neno la kulalamikia. Fauka ya hayo, neno likishatoka mikononi hubaki kamusini, na kamusi haikaangi kahawa.

Nawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unatutaka tuwafundishe watoto kwa kutenda. Mara nyingi wazazi hulalamika kwamba kutenda huko kumekuwa kununua manila na gundi. Basi hapa pana somo lisilohitaji duka. Mpe mwanafunzi konzi ya buni, mkebe usio na lehemu, jiko, na mtu mzima wa kuulinda moto. Apime uzito kabla na baada, atafute asilimia iliyopotea. Aandike rangi na dakika zake. Mwalimu wa kemia aeleze harufu, wa historia aeleze Bura na Swynnerton. Na mwalimu wa Kiswahili asikae nyuma: awaulize watoto, mlio huo ni kama wa nini? Moshi huu unanukia nini? Kila mmoja atajibu kwa lugha ya kwao kwanza, na hapo msamiati utaanza kukua upya, kutoka jikoni kwenda daftarini.

Nanyi wanafunzi mnaotoka katika nyumba za wakulima, msiione kazi hii kuwa ya kurudi nyuma. Kukaanga kwa ajili ya kuuza kuna sheria na leseni zake, na anayetaka kufika huko na azifuate. Lakini kukaanga kikombe cha mama yako hakungoji leseni. Aliyekulipia karo kwa zao hili anastahili kulionja angalau mara moja kabla macho yake hayajafumba.

Bibi wa Mji wa Kale bado hukaanga, na kila nikifika Mombasa humpitia. Hajasahau swali langu. Safari ya mwisho alinipisha kwenye kigoda, akanikabidhi mwiko, akakaa kando akisikiliza. Buni ilipolia, alinitupia jicho: "Haya, mwalimu, leo yamwalika nani?"

"Mimi, bibi," nikamjibu. "Nimechelewa tu kuitika."